Mlango wa Gereza Ufunguliwe kwa Sheria, Usifunguliwe kwa Hisani

Tulipoambiwa tuchague jambo la kuzungumzia, wenzetu wengine walitarajia tuzungumze juu ya tume ya uchaguzi au mipaka ya maeneo ya Bunge. Mambo hayo ni mazito na yatapata siku yake. Leo tumeona heri tuwapeleke mahali ambapo wengi wetu hatupendi kupaangalia, yaani ndani ya gereza, na hasa mlangoni pake. Tunataka tuulize swali moja tu: mtu aliyefungwa Kenya hutoka lini, na ni nani aamuaye?

Swali hili si geni katika harakati za mageuzi. Wazee mlioko hapa mnakumbuka Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi katika pembe ya Uhuru Park, wakafunga kula, wakadai watoto wao waachiliwe. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Kifungu cha 2A cha Katiba kuondolewa, Desemba 1991, na nchi kurudi katika mfumo wa vyama vingi. Mnakumbuka askari walivyowatawanya kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na akina mama wengine wakavua nguo zao kuwa laana juu ya waliowapiga. Wakahamia katika kanisa la All Saints, na huko wakaendelea kukaa kwa muda wa mwaka mzima, kukicha na kuchwa, mpaka wengi wa watoto wao wakatoka.

Sisi wa rika letu tulikuwa watoto wa shule wakati huo. Habari tulizipata kwa minong'ono ya wakubwa na kwa magazeti yaliyofichwa chini ya magodoro. Tulikua tukiwaheshimu akina mama hao, na bado tunawaheshimu. Lakini tumekuja kutambua jambo moja tuliposomea sheria na kuanza kuingia magerezani kuwaona wateja wetu. Wale vijana walitoka kwa sababu mama zao walishinda nguvu ya mtu aliyekuwa na ufunguo. Waliwaacha nyuma maelfu ya wafungwa wengine, wa wizi wa ng'ombe, wa ugomvi wa kilabuni, wa mashamba, ambao hawakuwa na mama wa kukaa Uhuru Park. Na sheria iliyohesabu siku zao ilibaki vilevile. Katika mikutano ya hadhara ya miaka ile watu walipiga kelele juu ya tume, juu ya machifu, juu ya kufungwa bila kushtakiwa, na walikuwa na haki. Hatujapata kusikia mkutano uliopiga kelele juu ya Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza. Leo tunaomba upigwe.

Tuanze na mtu mmoja, maana sheria hueleweka vizuri ikivaa mwili. Jina lake tutalihifadhi. Alikuwa mwashi, mwenye umri wa miaka 29, alipokamatwa Machi 2012 baada ya ugomvi uliomalizika kwa mtu kufa. Alishtakiwa kwa kuua kwa makusudi. Kesi ikaenda na kurudi: leo shahidi hayupo, kesho faili haionekani, kesho kutwa jaji amehamishwa. Alikaa rumande miaka minne. Machi 2016 mahakama ikaona kwamba aliua bila kukusudia, ikamhukumu miaka 12.

Sasa tuhesabu pamoja. Tangu mwaka 2007, Kifungu cha 333 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaagiza kwamba mtu aliyekuwa kizuizini kabla ya hukumu, muda huo utiliwe maanani katika kifungo chake. Kwa hiyo miaka 12 ya mwashi wetu ilipaswa ihesabiwe tangu Machi 2012. Tena, Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mwema punguzo la theluthi moja ya kifungo chake. Theluthi ya 12 ni minne. Miaka minane basi, tangu Machi 2012: alipaswa kutoka Machi 2020.

Lakini hukumu haikutaja neno juu ya rumande, na karani wa gereza huandika kile alichoandikiwa. Daftari likasema kifungo kimeanza siku ya hukumu. Tarehe ya kutoka ikawa Machi 2024. Miaka minne ya maisha ya mtu ikapotea kwa sentensi moja isiyoandikwa. Mwenyewe hakujua. Aliyejua ni mfungwa mwenziwe, aliyekuwa amejifunza sheria humo humo ndani, aliyemwandikia ombi la kurasa mbili kwenda Mahakama Kuu. Ombi hilo lilitufikia sisi, na kazi yetu ilikuwa ndogo kuliko yake: tulisimama tu mbele ya jaji na kuyarudia yale yaliyokuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Jaji aliona mara moja. Mtu akatoka Novemba 2021, mwaka mmoja na miezi minane baada ya siku yake. Katika muda huo bintiye alifanya mtihani wa darasa la nane, Machi 2021, akafaulu, na ilipofika Agosti akakosa karo ya kuingia kidato cha kwanza, kwa sababu mwashi wa kuitafuta karo hiyo alikuwa ndani kinyume cha sheria. Hakuna aliyemwomba radhi. Kwa kweli hakuna aliyejua ni nani hasa aombe.

Tumewaeleza habari hii kwa sababu haina mkatili ndani yake. Jaji hakuwa na chuki, wala karani hakudai hongo, na hata askari hakumpiga mtu. Kilichokosekana ni utaratibu tu.

Sasa tuitazame hiyo Sheria ya Magereza yenyewe, Sura ya 90. Ilitungwa wakati Mwingereza akifunga virago vyake, ikaanza kutumika mwaka 1963. Tusiidharau yote. Kifungu cha 46 kina jambo jema ndani yake: kinasema kwamba mfungwa anapoingia tu, ahesabiwe punguzo lake lote kama kwamba amekwisha kulipata, kisha alipoteze akikosa adabu. Yaani sheria humwekea mtu akiba siku ya kwanza. Hiyo ni ahadi, na wahenga walisema ahadi ni deni.

Lakini ahadi hiyo ina mashimo matatu.

Shimo la kwanza ni la wale walionyimwa punguzo kabisa. Maandishi ya kifungu yanawataja watatu: aliyefungwa maisha, aliyewekwa kwa kadiri ya mapenzi ya Rais, na aliyehukumiwa kwa unyang'anyi chini ya Kifungu cha 296(1) cha Sheria ya Adhabu. Tafadhali lifikirieni hili la tatu. Unyang'anyi wa 296(1) ni ule mdogo, usio wa silaha wala wa genge; ule wa silaha na genge ni 296(2), ambao adhabu yake ni kifo. Kijana aliyemsukuma mtu kituo cha matatu na kumpokonya mkoba anaweza kufungwa hadi miaka 14, na asipate punguzo hata la siku moja. Kando yake, godoro kwa godoro, amelala mtu aliyeua kwa makusudi, ambaye baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2017 mahakama inaweza kumpa kifungo cha miaka. Akipewa miaka 21 na akiwa na mwenendo mwema, hupunguziwa 7. Hubaki 14. Aliyepokonya mkoba akapewa 14, hubaki 14. Wameingia siku moja. Watatoka siku moja. Tuulizeni wabunge wetu, wa serikali na wa upinzani: hii ni hesabu ya haki gani?

Wala tusiangalie miaka peke yake. Mtu asiye na cha kupata kwa kuwa mwema, atakuwa mwema kwa ajili gani? Askari jela wenyewe wametuambia kwamba wafungwa walio wagumu kuongoza ni wale wasio na tarehe ya kutazamia.

Shimo la pili ni namna punguzo linavyopotezwa. Mfungwa anaweza kunyang'anywa siku zake kwa kosa la nidhamu ndani ya gereza. Sheria inampa Kamishna uwezo wa kumzuilia mfungwa punguzo akiona kwamba ni kwa faida ya kumrekebisha, na inampa Waziri uwezo kama huo kwa sababu ya usalama wa umma. Sisi ambao tuliishi chini ya maneno "usalama wa umma" tunayajua yalivyo mapana. Waliofungwa bila kushtakiwa katika miaka ya chama kimoja walifungwa kwa maneno hayo hayo. Leo tuna Katiba ya 2010, na Kifungu cha 51 kinasema kwamba mtu aliye kizuizini anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kufungwa kwake. Haki ya kusikilizwa kabla ya kuongezewa miezi ya kifungo inakwenda pamoja na kufungwa bila taabu yoyote. Lakini haki iliyo katika Katiba tu, na haina fomu, haina siku wala mtu wa kuipokea, haifiki kwenye daftari la gereza.

Shimo la tatu ndilo refu kuliko yote: ni kifungo cha maisha. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Hata hivyo mahakama ziliendelea kuhukumu kifo mwaka baada ya mwaka, na watu wakarundikana. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya watu 4,000, kutoka kifo hadi maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa watu 2,747. Mwaka 2023 Rais Ruto naye akafanya vivyo hivyo. Tunawapongeza wote watatu, kwa kuwa kitanzi si adhabu ya taifa lenye utu. Lakini tujiulize walipewa nini. Walitolewa kwenye kamba wakawekwa chini ya kufuli isiyo na tarehe. Aliyefungwa maisha hana punguzo, wala hakuna bodi iliyowekwa na sheria ya kumwita baada ya miaka kadhaa na kumuuliza, "Wewe sasa ni mtu gani?"

Mahakama ya Juu iliona jambo hili. Katika ule uamuzi wa Desemba 2017, kesi ya Muruatetu, majaji walikataa kujipa kazi ya kusema kifungo cha maisha ni miaka mingapi. Walisema hiyo ni kazi ya Bunge. Miaka ikapita. Julai 2023 Mahakama ya Rufani huko Malindi ikachoka kungoja, ikasema kifungo kisicho na mwisho kinavunja utu wa binadamu, ikampa aliyehukumiwa miaka 40. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, ikarudisha kifungo cha maisha. Wapo wanasheria wenzetu waliokasirika. Sisi tunasema, hasira hiyo tuielekeze panapostahili. Mahakama imerudisha mzigo kwa mwenyewe, na mwenyewe ni Bunge.

Majirani zetu wamekwisha kulijaribu jambo hili. Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994, ili baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu waweze kumalizia sehemu ya adhabu yao nje, chini ya uangalizi na masharti. Uganda, katika Sheria ya Magereza ya mwaka 2006, iliandika kwamba kwa kuhesabu punguzo, kifungo cha maisha kitachukuliwa kuwa miaka 20. Hatusemi kwamba majirani wamemaliza kazi. Bunge la Tanzania liliwafungia mlango wa parole watu wa makosa kadhaa, na mahakama za Uganda zimebishana sana juu ya hiyo miaka 20. Lakini wao wanabishana juu ya sheria iliyoandikwa, na sisi tunabishana juu ya ukurasa mtupu.

Mtatuambia: mbona kuna msamaha wa Rais? Ni kweli. Kifungu cha 133 cha Katiba kimempa Rais mamlaka ya huruma, na kimemwekea kamati ya kumshauri. Sheria yake ilitungwa mwaka 2011. Hayo ni mageuzi makubwa tukikumbuka zamani, ambapo mfungwa alitoka sikukuu ya Jamhuri na gazeti la kesho yake likatuarifu kwamba Mtukufu amemwonea huruma. Huruma na ibaki. Hata taifa lenye sheria bora kuliko zote litahitaji mahali pa kumpeleka mgonjwa anayekufa, au mama mzee ambaye sheria haikumfikiria.

Lakini ndugu zetu, tulipigania nini? Tulikataa nchi ambayo shamba hupatikana kwa hisani, kazi kwa hisani, pasipoti kwa hisani, na hata kuishi nyumbani kwako ni kwa hisani. Tulisema kila kitu cha mwananchi kiwe na sheria yake, ili asilazimike kumpigia magoti mtu. Basi hatuwezi kusema hivyo kwa mwananchi aliye nje, kisha tukamwachia aliye ndani uhuru wake uwe zawadi ya sikukuu. Mwenye kutoka kwa hisani hutoka akiwa na deni kwa mtu. Mwenye kutoka kwa sheria hutoka akiwa raia.

Tuje kwenye kazi na masomo ya ndani ya gereza, kwa kuwa mambo haya hayatengani na mlango. Sheria inasema punguzo hupatikana kwa bidii na mwenendo mwema. Bidii ya kufanya nini? Tumeona karakana za useremala. Wote mnajua kwamba namba za magari yanayotupita barabarani zimekuwa zikitengenezwa Kamiti. Wapo wafungwa waliofanya mitihani ya taifa wakiwa ndani, na wapo waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya posta. Mwandishi wa zile kurasa mbili za mwashi wetu hakuwa muujiza. Tangu mwaka 2003, wakati Moody Awori alipokuwa akisimamia wizara iliyohusika na magereza, milango ilianza kufunguliwa kwa waandishi na watu wa dini, na tunampa haki yake.

Pamoja na hayo, mafunzo yameachwa yawe bahati. Ukipelekwa gereza kubwa lenye karakana, una bahati. Ukipelekwa gereza dogo la wilayani lisilo na chochote ila shamba na ndoo, huna. Mahabusu wa rumande, ambaye huenda akakaa miaka minne kama mwashi wetu, hana darasa wala karakana, kwa hoja kwamba yeye bado hajafungwa. Na cheti alichopata mtu hakimsogezi hata siku moja karibu na lango, isipokuwa Kamishna apende kumwongezea punguzo kwa sifa za pekee.

Marekani, nchi inayosifika kwa kufunga watu wengi, ilipitisha sheria ya serikali kuu mwezi wa Desemba 2018 iitwayo First Step Act. Chini yake, mfungwa anayestahili hupata siku 10 za hesabu kwa kila siku 30 za kushiriki mafunzo yaliyokubaliwa, na aliye na hatari ndogo ya kurudia kosa anaweza kuongezewa 5. Twaweza kujifunza kitu hapo, ila kwa tahadhari. Ukilifunga punguzo kwenye darasa, ni lazima darasa liwepo kwa kila mtu. La sivyo, nafasi katika karakana itakuwa bidhaa, itauzwa na nyapara na kununuliwa na mwenye ndugu wa nje. Tutakuwa tumefungua biashara mpya na kuiita mageuzi.

Sasa tuwasikie wanaotupinga, maana wana hoja, na si ya kudharauliwa. Wanasema: mnawatetea waliofanya maovu, je, waliofanyiwa? Sisi tumesimama pia upande huo. Tumeketi na mama aliyeuliwa mwanawe, akatuuliza kama huyo anayepunguziwa miaka, mwanawe naye atapunguziwa kifo. Hatukuwa na jibu, na hatutawadanganya leo kwamba tumelipata. Tunasema tu hivi. Mama huyo naye hakuwa na tarehe. Alisikia kwa jirani kwamba mtu yule ameonekana sokoni. Hakuna aliyemwambia, hakuna aliyemuuliza. Tangu mwaka 2014 tuna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa. Basi sheria mpya ya kuachiliwa imlazimishe anayefungua mlango kumwarifu aliyeumizwa, na kumpa nafasi ya kusema mbele ya bodi kabla ya uamuzi. Msamaha wa sikukuu haumpi nafasi hiyo. Utaratibu ulioandikwa unaweza kumpa.

Tena, walio wengi gerezani watatoka, tupende tusipende. Swali ni kama mtu atatoka akiwa na ufundi na mwangalizi na mahali pa kulala, au ataachwa langoni na nauli tu. Kijiji ndicho kitakachompokea.

Wapo pia wasiopaswa kuwa ndani kabisa. Mwaka 1998, hata kabla ya mageuzi ya Katiba, Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii: aliyekosa kosa lisilozidi kifungo cha miaka mitatu anaweza kuamriwa kufanya kazi ya umma bila malipo, akilala kwake. Na Kifungu cha 49 cha Katiba kinakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Hata hivyo, nenda gereza lolote la wilaya uwahesabu waliokosa faini ya chang'aa au ya kuchuuza bila leseni. Ugonjwa wa korona ulipoingia, Jaji Mkuu David Maraga alitangaza Aprili 2020 kwamba wafungwa wa makosa madogo na waliobakisha miezi michache, takriban 4,800, wameachiliwa. Nchi haikuporomoka. Kama waliweza kutoka kwa kuogopa kirusi, kwa nini hawakuweza kutoka kwa kuheshimu sheria?

Tunayoomba ni mambo matano, na tunayataja kwa ufupi ili myachukue nyumbani.

Kwanza, kila mfungwa apewe karatasi ndani ya siku saba za kuhukumiwa, kwa lugha anayoielewa, inayoonyesha siku aliyokamatwa, muda wa rumande, punguzo lake na tarehe ya kutoka. Na nakala yake ipewe jamaa. Kama karatasi ina kosa, irekebishwe na mahakama iliyohukumu, bila wakili wala ada.

Pili, unyang'anyi wa 296(1) uondolewe katika orodha ya wasiopata punguzo.

Tatu, Bunge liseme kifungo cha maisha ni nini, na baada ya miaka mingapi mfungwa atafikishwa mbele ya bodi huru, itakayotoa sababu zake kwa maandishi.

Nne, asinyang'anywe mtu siku zake bila kusikilizwa, na awe na mahali pa kukata rufani nje ya ukuta wa gereza.

Tano, mafunzo yawe haki ya kila aliye ndani, pamoja na mahabusu anayependa, wanawake kwa wanaume. Na yakishakuwepo kwa wote, ndipo yahesabiwe katika punguzo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kura ya maoni. Sheria ya kawaida ya Bunge inatosha. Tatizo ni kwamba wafungwa hawana mbunge. Walipiga kura kwa mara ya kwanza katika kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010, lakini mpaka leo hatujamwona mgombea aliyekwenda gerezani kuomba kura na akaulizwa juu ya Kifungu cha 46. Basi muulizeni ninyi. Akija kijijini kwenu, awe wa chama chenu au wa chama cha jirani, muulizeni kama ameisoma. Asipojua, mwelezeni, akiahidi, iandikeni ahadi hiyo na tarehe yake.

Na aliye na ndugu ndani afanye jambo moja wiki hii: atafute siku aliyokamatwa na siku aliyohukumiwa, aziandike, aende nazo gerezani siku ya kutembelea, waulize pamoja tarehe iliyoko daftarini. Kama hesabu hazikubaliani, aje kwetu. Hatutamtoza kitu.

Tumalizie na mwashi. Siku aliyotoka tulikuwa langoni na dada yake. Askari alimpa mfuko wa nguo zake za mwaka 2012, ambazo hazikumtosha tena. Alipokwisha kusaini, alisimama pale ndani ya mstari, akatuuliza kama kuna karatasi yoyote inayosema kwamba hatarudishwa. Tulimwambia karatasi ni ile amri ya jaji, tukampa nakala. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, ndipo akavuka.

Ndugu zetu, twataka kila atokaye avuke akiwa na karatasi kama ile, iliyoandikwa siku aliyoingia.